Tairi la Mbio za Mwisho

"Rudia ile kona," Zuhura alimwambia mumewe. Makame akalipandisha tena gari la mashindano hadi juu ya kilima, kwenye barabara ya zamani isiyopitwa na mtu. Tangu macho yake yazimike, Zuhura alikaa pembeni ya dereva, akiiona njia kwa kiuno na mgongo.

Waliteremka. Konani gari likaelea, nyuma ikayumba kama usingizini.

"Ni haya matairi mapya ya nyuma," Makame alisema, jasho likimtoka. "Upepo nimepima, nati nimekaza. Labda ni mabovu."

"Si mabovu. Mbele inageuka upesi, nyuma inachelewa kuitika. Ya mbele hukubadilisha?"

Makame alilirudisha gari juu ya kilima, akaliegesha. Ukungu uliingia dirishani.

"Yale ni ya mbio zako za mwisho," alisema hatimaye. "Mkono ulikataa kuyatoa."

Zuhura alishuka, akapapasa boneti mpaka akalifikia tairi. Lilikuwa limelika, laini kama shavu la mtoto. Kila kona aliyowahi kuikata ilikuwa imeondoka na kipande chake.

"Litoe."

Makame alipiga jeki, akalitoa. Zuhura alilisimamisha barabarani, akalikumbatia kidogo, kisha akalisukuma. Likaondoka likivuma.

"Limefika wapi?"

"Konani," Makame alinong'ona. "Limeinamia upande wa kona. Zuhura, linaikata!"

Zuhura aliinua mkono kumnyamazisha, akatega sikio asikie litakapoanguka. Mvumo ule ukateremka ndani ya ukungu, ukaendelea, ukaendelea.