Ya Kiunoni

Jirani alifunga turubai juu ya bunduki tisa nyuma ya pikapu yake.

"Nimezoa zote, shemeji," alirudi mlangoni kumnong'oneza Marlys. "Mumeo akipata nafuu nitazirudisha mwenyewe."

"Mmeniachia kisu cha mkate tu," mumewe alitania kutoka mezani. Hakuwa ametania tangu daktari aseme silaha zisikae naye nyumbani, asije akajidhuru. Akamaliza kahawa, akavaa koti, akatoka kwenye theluji kwenda zizini kulisha ng'ombe.

Marlys akashusha pumzi. Akaiokota suruali ya jana ya mumewe aifue, akaanza kuuchomoa mkanda.

Ala ya bastola ilikuwa bado imeshikizwa mkandani, ngozi yake imechakaa hata ikashika umbo la bastola yenyewe. Bastola hiyo mumewe alikuwa nayo kiunoni kwa miaka thelathini: kanisani, dukani, hata kwenye harusi ya binti yao, na huku Montana, Marekani, ambako wengi hutembea na silaha, nani angeuliza? Leo pia hakuna aliyeikumbuka. Kwao ilikuwa sehemu ya suruali.

Akatia vidole ndani ya ala. Tupu.

Kule zizini, ng'ombe walikuwa bado wanalia kwa njaa.