Imla ya Mzee Radi

"Mashine hii inanidharau!" Mzee Radi alifoka, akaipiga meza kwa mkono wa kushoto. Kompyuta ikatikisika. Kwenye skrini, ukurasa ulibaki mweupe pe.

Fundi aliyeitwa kuitengeneza alimtazama mzee, kisha akamgeukia binti wa mzee aliyesimama mlangoni.

"Anasema haiandiki," binti alisema haraka.

Kilichogoma ni ile sehemu ya imla: unasema, yenyewe inaandika. Kwa njia hiyo Mzee alikuwa ameshasimulia kitabu kizima cha maisha yake, ikabaki sura ya mwisho tu. Habari za kuchapa kwa vidole hakutaka kuzisikia. Hiyo kazi ya makarani. Yeye alitangaza mpira redioni mpaka watu wakambandika jina la Radi. Sasa mchapishaji aliitaka sura hiyo kesho, la sivyo kitabu basi, na mashine nayo imenuna. Ilianza kununa juma lile lile alipoteleza bafuni, mkono wa kulia ukafa ganzi. Hospitali alikataa. Na Mzee Radi akikataa, amekataa.

Nyumba ile hakuna aliyembishia. Mke alishazoea, watoto walilelewa hivyo: Baba akisema, unajibu "Ndiyo, Baba," halafu unafunga mdomo. Kaka mkubwa aliwahi kuthubutu kuuliza "Kwa nini?" Akalala nje, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Huyu fundi nilimpigia simu mimi mwenyewe," Mzee alilalamika, "akanikatia mara mbili! Adabu gani hiyo? Mama, hebu lete chai."

"Ndiyo, Baba," mkewe alijibu. Akaleta blanketi, akamfunika magoti.

Mzee akatikisa kichwa. Masikini, masikio ya mke wangu yameanza kuzeeka, alijisemea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamwonea huruma kidogo.

Fundi alifanya kazi yake bila pupa. Alikagua mtandao, akahakikisha lugha iliyochaguliwa ni Kiswahili, akachomoa kipaza sauti na kuchomeka kingine kipya. "Moja, mbili, tatu, tunajaribu," alisema. Maneno yakajipanga kwenye skrini bila kosa. Akamwomba binti naye ajaribu.

"Leo kuna joto kweli," binti alisema. Ikaandika.

"Haya, Mzee, zamu yako."

Mzee Radi alivuta pumzi, akakaa wima, kama zamani kwenye kibanda cha watangazaji. "Dakika ya mwisho!" alinguruma. "Mpira uko kwa mshambuliaji, anamtoka beki, anamtoka wa pili, anapiga... Gooooli!" Mwili ulimsisimka kwa raha. Radi ilikuwa bado ni radi, bwana.

Kwenye ukurasa herufi moja ilitokea, ikajifuta.

"Mnaona? Inawasikia nyinyi, mimi hainisikii!" Machozi ya hasira yalimlenga. Miaka yote ile uwanjani, umati wote ule, vyote vipotee kwa sababu ya kidude hiki! "Kitabu changu kinakufa hivi hivi mkiangalia!"

"Ndiyo, Baba," mke na binti walijibu kwa pamoja.

Fundi alikuna kichwa. Safari hii hakugusa waya wowote. "Nilikuwa narekodi," alisema taratibu. "Ngojeni tusikie kile kinachoingia kwenye mashine."

Akabonyeza. Kwenye spika ikatoka sauti nene, nzito, ya mtu aliyejaza uji wa moto mdomoni. "Ba... baba... uwa-uwa... bwa... ooooo..." Ikaendelea hivyo hivyo, mpaka ikakatika.

Fundi aliinama sikioni kwa mama. "Kwa nini hamjamwambia?" alinong'ona.

"Alitukataza kumbishia," mama alinong'ona naye, huku akilivuta blanketi vizuri.

Mzee Radi hakuwa na habari nao. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Nani huyu mlevi mliyemrekodi?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba," wakamjibu.