Boma Lililowekwa Sawa

Doreen alibwaga begi chini. Jana boma la mawe alilokuja kulichunguza hapa kilimani Kawetele lilikuwa na umbo la yai, limechongoka upande wa bondeni. Leo lilikuwa duara kamili, kila jiwe limepakwa chokaa.

"Lilikuwa limepinda, mwanangu," mwenyekiti wa kitongoji alisema, chokaa ikimchuruzika viwikoni. "Tumeliweka sawa. Mgeni rasmi anakuja kesho."

"Limekaa hivyo maelfu ya miaka. Sijamaliza hata kulipima. Nani kawatuma mguse jiwe hata moja?" Aliyazungusha macho kwenye mawe yote. "Na duara hili mmelipataje?"

Mzee akanyoosha kidole katikati ya boma, kwenye kigingi alichokichomeka Doreen jana. Kamba yake ilikuwa bado imefungwa, nyeupe kwa chokaa.

"Si ulituachia kipimo?"