Kabla Hawajamwaga Zege

"Mifupa!" alisema kwa mara ya tatu, akipiga meza kwa kiganja. "Sitaki pole zenu. Nataka mifupa ya mume wangu kabla hamjamwaga zege."

Karani hakuinua uso. "Njoo kesho, mama."

"Kesho kutwa mnalipua mnara wa mgodi. Hiyo kesho yenu nimeila miaka tisa, haijanishibisha."

Mji mzima ulimwita Mjane. Miaka tisa iliyopita paa la handaki la chini liliporomoka, likafunika wachimbaji wanne wa zamu ya asubuhi. Kampuni ikajenga ukuta, ikasema hilo ndilo kaburi lao. Sasa makaa ya mawe hayalipi tena. Mgodi unafungwa, mabweni yameshabomolewa, na shimo lenyewe litajazwa zege mpaka juu. Wajane wengine watatu walikwisha kuolewa tena, wakahama. Yeye alikuwa amewakataa wachumba wawili, mmoja fundi cherehani mwenye adabu zake. Angeolewaje, na mumewe hajamzika?

Nje alimkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe, ameegemea baiskeli.

"Shemeji, basi. Unajichosha bure. Kaka hapendi makelele, unamjua."

"Basi nitayapiga mimi."

Alimpita bila kumwangalia. Mtu gani huyu? Hata siku ya msiba hakutoa chozi, na kila ilipotajwa mifupa, yeye ndiye wa kwanza kusema iachwe.

Asubuhi yake Mjane alikwenda kujilaza kwenye mlango wa mkaguzi wa migodi, akauziba wote.

"Sasa nipite juu yako?" mkaguzi aliuliza.

"Pita. Wenzako wote wameshapita."

Mkaguzi akatoa kalamu, akasaini kibali cha kuuvunja ukuta. "Leo tu," alisema. "Mpaka jioni."

Waokoaji walishuka, wakauvunja ukuta. Juu, Mjane alisimama na shuka jeupe jipya mikononi, hataki kukaa, hataki maji. Shemeji alikuwa pembeni, jasho linamtiririka kama ndiye anayechimba.

Jua lilikuwa limeshuka lifti ilipopanda. Kiongozi wa waokoaji alivua kofia, akamkabidhi mkaguzi vibati vya namba, vile ambavyo kila mchimbaji huvaa shingoni. Vilikuwa vitatu.

"Haya, endeleeni," Mjane alisema.

"Mama, tumefika kwenye mwamba. Kifusi chote tumekichambua kwa mikono. Hakuna mtu wa nne."

"Shukeni tena! Alitoka nyumbani kwangu alfajiri, jina lake liko kwenye kitabu cha zamu! Atakuwa amekwenda wapi?"

Watu walitazamana.

Shemeji alimshika mkono, akamsogeza kando.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye viatu vyake. "Kaka ana watoto watatu sasa."