Mchoro wa Gia

Walter Ormerod hakusalimu. Alisimama mbele ya lori, akavaa miwani, akainamia kibao cha maelezo, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Uongo."

Maureen Threlfall aliuma mkate wake wa bekoni, akatafuna polepole ili asije akatapika maneno. Miaka thelathini na sita alikuwa hajasimama karibu na mtu huyu, na damu ilishaanza kumchemka.

"Uongo upi, mzee?"

"Umeandika nguvu za farasi mia na themanini. Lori hili la Atkinson lilikuwa na injini ya Gardner ya mia na hamsini. Silinda sita, mizunguko elfu moja na mia saba kwa dakika, basi. Ukanyage mpaka kiatu kitoboke, hupati zaidi ya maili arobaini na kitu kwa saa. Nani kakuandikia hiki kibao, kinyozi wako?"

Watazamaji wawili watatu waliokuwa wakizunguka uwanja wa maonyesho ya malori ya zamani walicheka.

"Injini ya zamani ilikufa," Maureen alisema. "Hii ya sasa ni mia na themanini."

"Basi andika hivyo, binti. Usiwadanganye watu kwamba Arthur alikuwa akiupanda mlima Shap na mia na themanini."

Kusikia jina la baba yake kwenye mdomo ule kulimfanya Maureen aufinyange mkate mkononi. Nyuma yake Clifford, fundi aliyemsaidia kulifufua lori, alikuwa kwenye kiti cha kukunja akimimina chai kutoka kwenye chupa. Clifford alikuwa fundi wa yadi ya malori ya akina Arthur tangu kijana, na aliwajua Arthur na Walter, lakini hakuwa mtu wa maneno. Alitazama kikombe chake tu.

Mlima Shap ulionekana pale pale, juu ya uwanja. Ni huko lori hili lilikoteremka Jumatatu moja asubuhi, kwenye ukungu, likiwa frii, bila gia yoyote kushika, likamuua mtengeneza barabara. Dereva aliruka akatokomea kabla mtu hajafika. Arthur Threlfall aliapa kwamba si yeye. Alikuwa kitandani na homa tangu Alhamisi, hajakanyaga yadi. Walter, dereva mwenzake wa yadi ile ile, aliweka mkono juu ya Biblia, akaiambia mahakama kwamba alimwona Arthur kwa macho yake akitoka getini na lori saa kumi na moja alfajiri. Wakamwamini Walter. Arthur alifungwa miaka mitatu, na alipotoka hakuna aliyempa usukani tena. Alikufa akifagia soko la Preston, na hata wauza samaki walimwita Arthur Frii.

Ndiyo maana Maureen aliuza nyumba yake akalinunua lori hili, akaandika mlangoni kwa rangi ya dhahabu: A. Threlfall. Alitaka watu walisome jina hilo bila kucheka, hata kwa siku moja. Na siku yenyewe ndiyo hii, na aliyekuja ni huyu.

Walter alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kabini bila kuomba ruhusa. Alichungulia ndani, akapapasa usukani.

"Siku hizi kila mtu anaendesha gari lolote," alisema. "Sisi kila dereva alikuwa na lori lake. Mwenzio angekuazima mkewe kabla hajakuazima lori."

"Kwa hiyo hili hukuwahi kuliendesha."

"Hata siku moja. Kiti cha Arthur kilikuwa cha Arthur." Akasogeza miwani, akakazia macho kibati kilichogongomewa karibu na dashibodi. "Haya, na huu mchoro wa gia nao umekosea."

Maureen alisogea hadi kwenye ngazi. Kibati kile alikichora kwa mkono wake, mstari kwa mstari.

"Nimeutoa kwenye daftari la baba. Ni mwandiko wake."

"Basi baba yako aliandika amelala. Mnanikera nyie, mnafufua magari msiyoyajua, halafu mnawafundisha watoto upuuzi." Mkono wake wa kushoto ulishika kirungu cha gia, ukakisukuma huku na kule. "Ya tatu haikuwa hapa. Ya nne haikuwa hapa. Lori hili lilikuwa kinyume na yote ya yadi. Ukichomeka ya nne pa kawaida, unaikuta ya chini, inasaga, inakataa. Unabaki na frii, na mlima unakuvuta."

"Unataka kuniambia baba yangu hakuzijua gia za lori lake? Miaka tisa?"

"Nakuambia ninachokijua. Mimi kwenye gia sikosei."

"Shuka kwenye lori langu," Maureen alisema. "Ulimmaliza akiwa hai. Leo unamfuata hadi kwenye daftari lake. Shuka, kabla sijakushusha."

Walter alishuka akitabasamu, akaifuta mikono kwenye suruali.

Clifford aliweka kikombe chake kwenye nyasi, akasimama. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Mchoro wa Arthur ni sahihi," alisema. "Giaboksi yake ilikuwa kwenye benchi langu wiki ile ya ajali, nikiitengeneza. Hiyo ya kinyume niliiazima kwenye lori bovu nikaifunga Jumapili jioni, sikumwambia mtu, na miaka yote hii nimenyamaza nikidhani mimi ndiye niliyemponza Arthur." Akamgeukia Walter. "Ilikwenda safari moja tu. Ile ya Jumatatu."