Nyuzi za Mama

Siku hizi mtoto aliyeharibiwa ubongo na maji kichwani hupandikizwa nyuzi nyeupe mpya, nazo hufumwa kwa kufuata ramani ya ubongo wa mama yake. Ndiyo sheria, na baba haulizwi.

Siwema wa miaka minne, ambaye hata kukaa hakuweza, sasa anatembea. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akamwambia baba yake, Shekue, "Baba Siwema, viatu ndiyo vinalala hapa?"

Shekue alicheka hadi akakaa chini. Majirani nao wakapata la kusema: "Mke mmoja ulikuwa humuwezi, leo una wasimamizi wawili!"

Lakini wiki zilipita, na mtoto hakumwita "baba" tupu hata mara moja. "Baba Siwema, umechelewa." "Baba Siwema, chai inapoa." Na lile guno dogo mwishoni, la Mwantumu mkewe, halikupungua hata chembe.

Kesho ingekuwa zamu ya mwisho ya kufuma, na kikishafumwa hakifumuliwi. Shekue alimkuta mkewe akichambua mchele, mtoto kando yake.

"Mama Siwema, tuiache hiyo ya kesho. Nyuzi zilizobaki ziote zenyewe, tumwone mwanetu ni nani."

"Kwani yule wa mwanzo, aliyekuwa akilia usiku kucha, umemsahau? Au hukuwa ukimbeba wewe?"

Shekue aliinamisha kichwa kwa aibu. Alipoinua macho amwombe mkewe radhi, Mwantumu alikuwa ameacha mchele, amejiziba mdomo kwa kiganja, anamtazama mtoto, ambaye mdomo wake ndio kwanza unafumba.