Antena ya Mama Tabby

Mama Tabby alikuwa ameshachagua: intaneti, simu na televisheni, zote kwa waya mmoja. Fundi alikuwa juu ya paa, ukungu wa mtaa wa Skuta umemfika magotini, mkono wake umeshika antena ambayo marehemu mume wa Mama Tabby aliielekeza mlimani.

"Mama, hii sasa haina kazi. Niitoe?"

Akaizungusha kidogo. Chuma chenye kutu kikalia.

Miaka mingi mlio huo ulimkuta Mama Tabby sebuleni, macho kwenye picha yenye chenga, akisubiri itulie ili amwambie mumewe aache kuzungusha.

Akajikuta ameingia ndani, mbele ya televisheni iliyozimwa. Akaitazama. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Hapo hapo, Baba Tabby. Shuka sasa, chai inapoa."